Sura ya Akiba

Mlionifuata mpaka hapa mnajua kwamba mimi si mtu wa bahati. Kwa aliyeingia leo, nitamweka sawa kwa maneno machache, kisha tuendelee kuumia pamoja.

Mimi ni fundi wa programu. Nimeajiriwa kwenye tovuti inayochora wahusika kwa akili bandia. Unaandika maneno yako, labda "mzee mkali mwenye kofia" au "malkia aliyekasirika," unabofya, na mashine inakuletea mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Watunzi wa hadithi wanatupenda sana. Mwenye tovuti namwita Bwana Leoleo, kwa sababu kila kipengele kipya anachokitaka anakitaka leo, na akikukuta unapumua atakuuliza kwa nini hujamaliza.

Wiki iliyopita nilieleza vipengele viwili alivyonikaba navyo koo. Cha kwanza ni Shika Sura: mtunzi anaweka picha moja ya uso, na mhusika wake anabaki na uso uleule tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho, awe anacheka, analia au anakimbizwa na mbwa. Cha pili ni Ondoa Muhuri. Zamani kila picha yetu ilikuwa na muhuri mdogo pembeni unaosema imechorwa na mashine. Wateja wakalalamika kwamba unawaharibia majalada. Bwana Leoleo akasema, "Toa." Nikatoa.

Nikawaachia pale mke wangu alipoingia nyumbani mchana kweupe, sare yake ya mkunga ameikunja kwenye mfuko wa plastiki, akasema, "Wamenisimamisha kazi. Wanasema mimi ni mwizi wa watoto."

Sasa sikilizeni.

"Nani kasema?" niliuliza.

"Mzazi. Amejifungua alfajiri mikononi mwangu humu. Nimemfunga mtoto kitovu, nimemfunika, nimempa mama yake, amenishukuru mpaka akalia. Narudi baadaye kumpima, anamkumbatia mtoto na kupiga kelele. 'Usimguse mwanangu!' Wodi nzima ikaamka."

"Labda alichanganyikiwa. Uchungu wa kuzaa..."

"Hakuchanganyikiwa, mume wangu. Alikuwa na simu."

Akanipa yake. Picha ilikuwa imeshamfikia na yeye, ametumiwa na watu zaidi ya mmoja.

Ilikuwa picha ya mwanamke akitoka kwenye geti la hospitali. Kitambaa kichwani, kichanga kifuani kimefunikwa nusu. Ana kidoti cheusi chini ya jicho la kushoto. Ana mwanya. Anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejua anachokifanya. Chini yake maneno makubwa mekundu: MTAMBUENI MWIZI WA WATOTO. SAMBAZA KABLA HAJAFIKA KWENU.

"Huyu ni mimi," mke wangu alisema. "Lakini gauni hilo sijawahi kuwa nalo. Geti hilo silijui. Ni mimi, na si mimi. Niambie, nina wazimu?"

Nikakaa kwenye kochi bila kukaribishwa, nyumbani kwangu mwenyewe.

Niliijua picha ile. Sikuwa nimewahi kuiona, lakini niliijua kama fundi cherehani anavyoujua mshono wake mwilini mwa mtu mwingine.

Tatizo la kipengele kama Shika Sura ni namna ya kukijaribu. Mashine inadanganya kidogokidogo. Leo pua imepanuka, kesho macho yamesogeleana, na mwenyewe huwezi kugundua kama huo uso huujui vizuri. Ningetumia wangu, lakini uso wangu nauona asubuhi tu nikinyoa, na wala siupendi. Kuna uso mmoja ninaoujua hata kukiwa giza. Nikachukua picha ya mke wangu akicheka, nikaiweka kwenye folda ya majaribio. Chini yake nikaweka ya binti yetu, kwa ajili ya wahusika watoto. Kisha, ili nisipoteze muda kuchagua kila mara, nikaiambia mashine: mtu asipoweka uso wowote, chukua wa kwanza unaoukuta kwenye folda.

Folda nikaiita Sura ya Akiba. Nilipanga kuifuta kabla hatujawafungulia wateja. Bwana Leoleo akawafungulia wakati mimi nimekwenda kunywa chai.

Na kwa kuwa watu ni wavivu wa kuchagua, nusu ya wahusika wote waliochorwa kwenye tovuti yetu tangu siku hiyo walikuwa na uso wa mke wangu. Malkia, mchawi, mwanajeshi, mlevi. Na huyu hapa.

"Unaonaje?" aliniuliza.

"Naiangalia."

"Imetengenezwa, sivyo? Wewe si unafanya kazi hizi? Mtu anaweza kutengeneza kitu kama hiki?"

"Anaweza."

"Basi mtafute huyo mtu." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kamati ya nidhamu ya hospitali inakaa kesho mchana. Afadhali mimi nina mume anayeyajua mambo haya. Ningekuwa na mume muuza duka ningefanyaje?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilifungua mdomo, nao ukatoa maneno haya: "Usijali, nitamtafuta."

Mama mkwe wangu alitoka jikoni, mwiko kwapani, akijifuta mikono kwenye kanga. Tunaishi naye, na ni mwanamke ambaye hana dogo.

"Nimesikia yote," alisema. "Mwanangu nimemzaa mwenyewe, najua alichonacho na asichonacho. Wizi hana. Huyo aliyemchafulia jina, nikimpata, nitamfundisha adabu kwa mwiko huu. Baba, ukimjua niletee mimi kwanza."

"Ndiyo, Mama," nilimjibu mwiko.

Binti yetu alikuja nyuma yake akichechemea, kiatu kimoja mkononi. Tunamwita Kidoti, kwa kile kidoti alichorithi kwa mama yake. Ila chake kiko chini ya jicho la kulia, utadhani mama alijitazama kwenye kioo akamzaa.

"Baba, kiatu changu kimefungua mdomo."

"Bibi atakupeleka kwa fundi viatu kesho," mama yake alimjibu, akampakata, akaufunika uso wake kwenye nywele za mtoto. Mabega yakaanza kumtikisika. Kidoti alimpigapiga mgongoni kama yeye anavyopigwapigwa akilia. Nilitoka nje nikasimama uani, maana sikustahili kukaa chumba kimoja na watu wale.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika ofisini. Ofisi yetu ni chumba cha juu ya duka la magodoro. Kina feni inayokwaruza, nyaya zimetambaa sakafuni, na ukutani Bwana Leoleo amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: WATEJA HAWANGOJI.

Haikunichukua muda kumpata aliyeichora. Tuliwahi kuandikiana, kwa kuwa ni mteja wetu wa siku nyingi na mtu muungwana. Yeye ni Mtunzi. Anaandika hadithi ya kila wiki kwenye magrupu ya simu, na wasomaji wake ni wengi kuliko ninaowapata mimi hapa. Nikampigia.

"Fundi wangu!" alinipokea kwa furaha. "Nilitaka nikupigie nikushukuru. Yule mwizi wa watoto amewakamata wasomaji vibaya sana. Wanamchukia kweli! Wananitumia matusi yake usiku na mchana. Mashine yenu ina jicho."

"Uso ule uliupata wapi?"

"Sikuupata popote. Mimi sichagui sura, huwa naiachia mashine ijichagulie. Kwani vipi?"

Nikamweleza. Yeye wa kwanza kumweleza, mtu nisiyemjua hata sura yake, kabla ya mke wangu. Nikasikia kuku wakilia nyuma yake.

"Ndugu yangu," alisema mwishoni, na furaha yote imemtoka. "Hadithi yangu ina maneno yake. Hayo maandishi mekundu si yangu. Kuna mtu ameikata picha akaacha hadithi."

"Najua. Na muhuri haupo, kwa hiyo hakuna wa kumwambia mtu kwamba ni mchoro."

"Mimi naifuta kwangu sasa hivi. Lakini ilikokwisha kufika sina mkono."

Nikamwomba aje kwenye kamati. Yuko mbali, ni safari ya siku nzima. Akaahidi kunitumia ukurasa wa hadithi wenye picha hiyo, niwaonyeshe. Kisha akasema kitu ambacho nilikisikia kwa sikio moja tu, kwa sababu ngazi zilikuwa zinalia, Bwana Leoleo anapanda.

"Basi leo nitamwacha mwizi apumzike. Nitawachorea yule mtoto mwingine aliyeibwa, mkubwa kidogo, wameniganda wamwone."

"Sawa, sawa," nilisema, nikakata simu.

Bwana Leoleo aliingia na kompyuta yake kwapani. Nikamwambia yote kwa mara moja, bila kupumua. Nilitarajia agutuke. Aliangalia mlango kwanza, kama umefungwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu yuko kwenye kamati mchana huu, bosi. Lazima niende niwaambie ni mashine yetu."

"Uwaambie nini? Kwamba tunagawa nyuso za watu? Ukitamka neno moja la hivyo, kesho hatuna tovuti. Wewe huna kazi, mimi sina kazi, na mkeo naye hana. Umemsaidia nani?"

"Basi turudishe muhuri. Angalau picha za kuanzia leo..."

"Muhuri utaangaliwa wiki ijayo."

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia mtu yule akisema wiki ijayo.

"Unachofanya," aliendelea, akinipigapiga begani kana kwamba ananipa pole ya msiba, "ni kuutoa uso wa mkeo humo. Leo hii. Sasa hivi. Halafu unakwenda kumshika mkono mkeo kama mume, unanyamaza kama mwanamume."

Nikakaa. Nikafungua folda. Nikaitafuta picha ya mke wangu akicheka, nikaifuta, nikapeleka mabadiliko kwenye seva. Nusu yangu ilikuwa inamwokoa yeye, asichorwe tena mlevi wala mchawi. Nusu nyingine, wacha niseme ukweli, ilikuwa inafuta nyayo zangu.

"Umejaribu?" Bwana Leoleo aliuliza.

Simu yangu ililia. Mke wangu. "Uko wapi? Wameiwahisha kamati. Wanakaa sasa."

"Nimejaribu," nilimjibu bosi, nikachukua kompyuta yangu, nikashuka ngazi mbilimbili.

Sikuwa nimejaribu. Fundi mwenzangu anayesoma hapa najua ameshashika kichwa.

Njiani nilikata shauri. Sijui ni nini kilichonitia moyo, labda ni kuona kwamba hata nikinyamaza nimekwisha. Nikajiambia, potelea mbali. Naingia pale, nasema.

Kwenye geti kuu la hospitali palikuwa na kikundi cha watu. Si wengi, lakini wamesimama vile watu wanavyosimama wakiwa wanamngoja mtu. Mlinzi, anayenifahamu, alinivuta pembeni.

"Shemeji, usipite hapa. Zunguka kwa dobi. Na yeye tumempitisha hukohuko. Wale wanataka aletwe nje."

Nilipita katikati ya mashuka yaliyoanikwa, mengi, meupe, yamelowa, yananipiga usoni. Nililia kidogo humo ndani ambapo hakuna aliyeniona.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha kupimia watoto. Mizani imesukumwa ukutani, ukutani kuna bango la namna ya kunawa mikono. Walikuwa Metroni, mkuu wa wauguzi, mwanamke mnene mwenye saa aliyoibandika kifuani, na Bwana wa Utumishi, mwembamba, mwenye tai. Mke wangu alikaa mbele yao kwenye kigoda cha wagonjwa, mikono ameibana katikati ya magoti. Aliponiona uso ulimfunguka.

"Ndiye mume wangu," aliwaambia. "Ni mtu wa kompyuta. Amemtafuta aliyeitengeneza."

"Umempata?" Metroni aliuliza.

"Nimempata," nilisema. "Ni mimi."

Mke wangu alicheka kidogo, akidhani nimekosea maneno.

Nikaeleza. Nilimwangalia Metroni, maana upande wa pili sikuweza kuutazama. Nikaeleza Shika Sura, nikaeleza folda, nikaeleza chai niliyokwenda kunywa. Nikafungua ukurasa aliotuma Mtunzi, nikawaonyesha picha ikiwa ndani ya hadithi, na maneno mekundu hayapo.

Bwana wa Utumishi aliusoma ukurasa taratibu.

"Hii inaonyesha kwamba kuna mtu kamwandika," alisema. "Huenda kamwandika kwa sababu anamjua. Hapa sioni mashine."

"Mashine ipo, mzee. Naweza kukuonyesha. Andika mtu yeyote, usichague uso, uta..."

Asubuhi ile ile, kwa mkono wangu, nilikuwa nimeufuta ushahidi pekee ambao ungemwokoa.

"Endelea," Metroni alisema. "Tuonyeshe."

"Nime... Asubuhi nimeutoa. Uso wake nimeutoa. Hautakuja tena."

Bwana wa Utumishi aliegemea kiti akafunga faili. "Kwa hiyo mashine ilikuwa nao mpaka jana, na leo tunapotaka kuuona hainao. Ndugu yangu, kumpenda mkeo ni jambo jema. Lakini usitufanye watoto."

Hapo ndipo mke wangu aliponigeukia. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa ananisoma, kama anavyosoma joto la mtoto kwa kiganja kabla hajachukua kipimo.

"Ulichukua uso wangu?" alisema. "Jana nilipokushika mkono, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniacha nilale hivyo."

Bora angenipiga.

"Bofya," akaniambia. "Umesema unatuonyesha. Onyesha hicho kilichopo."

Metroni aliivuta kompyuta karibu yake. "Andika mpishi. Mwanamke mpishi, yuko jikoni, anacheka."

Nikaandika. Nikaacha mahali pa uso patupu. Nikabofya. Mtandao wa pale hospitali ni wa kukokota, kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, na nje kwenye geti tukasikia mtu mmoja akipaza sauti na wengine wakimwitikia.

Picha ikaja.

Mpishi amesimama mbele ya jiko, mkono mmoja kiunoni, anacheka. Chini ya jicho lake kuna kidoti cheusi.

Bwana wa Utumishi alinyanyuka nusu kutoka kitini. Akaangalia kompyuta, akamwangalia mke wangu, akaangalia tena kompyuta.

"Si ndiye huyu hapa?"

"Ndiye!" Metroni alipiga makofi mara moja, kwa nguvu. "Ee Mungu wangu, ndiye kabisa! Basi ni kweli ni mashine! Nilisema mimi, huyu binti nimefanya naye kazi miaka, nilisema!" Akamshika mke wangu mabega akamtikisa. "Umesalimika, mwanangu. Nakwenda mwenyewe hapo getini na kompyuta hii."

Mimi nilijiinamia mezani. Nilidhani ile picha yake haikufutika. Sijawahi kuushukuru uzembe wangu kama nilivyoushukuru dakika ile. Nilitaka kucheka, nikajikuta ninatoa machozi na kamasi mbele ya mizani ya watoto, wala sikuona haya.

"Huyu si mimi," mke wangu alisema.

Alikuwa ameinama mbele ya kompyuta. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni wewe, mwanangu, hata kipofu..."

"Metroni, mimi nina mwanya. Huyu hana. Kidoti changu kiko kushoto." Akanyoosha kidole, hakugusa kioo. "Hiki kiko kulia. Na paji hili la uso ni la mama yangu."

Nilinyanyua kichwa.

Mke wangu aliitazama picha ile kwa namna ambayo nitaikumbuka mpaka naingia kaburini. Kulikuwa na mapenzi ndani yake, jamani. Kwa sekunde chache alisahau kamati, alisahau geti, alisahau hata mimi. Alikuwa anamwona mwanawe akiwa mwanamke mzima, anapika, anacheka, maisha yamemwendea vizuri. Kidole chake kilisogea kama anataka kumweka nywele sawa.

Kisha kikasimama.

"Umemweka na mtoto humo," alisema.

Nilifuta wa juu. Mashine ikachukua wa chini yake. Hivyo ndivyo nilivyoiagiza mwenyewe: wa kwanza unaoukuta.

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Yule wa kwanza nilipomtoa, yeye ndiye akawa..."

"Kwa hiyo tangu asubuhi, kila anayechora mtu hovyo hovyo huko, anamchora mwanangu."

Na hapo ndipo maneno ya Mtunzi yalinirudia, yale niliyoyasikia kwa sikio moja. Nikaivuta simu yangu mfukoni. Ujumbe wake ulikuwa umekaa pale muda, wenye alama za furaha.

"Fundi, mtoto aliyeibwa ametoka mzuri kupita maelezo! Safari hii nimeandika juu kabisa kwamba hii ni hadithi. Nimeshampandisha."

Chini yake, kutoka kwa mtu mwingine kabisa, jirani yetu wa nyumba ya pili, picha ileile. Kidoti. Kidoti wetu wa leo, wa umri wake, anatazama mbele kwa macho makubwa. Maneno ya Mtunzi yamekatwa. Maandishi mekundu: MTOTO ALIYEIBWA NI HUYU. UKIMWONA NA MTU YEYOTE MZUIE.

Jirani ameongeza neno lake: "Jamani, huyu si wenu?"

"Mtoto yuko wapi?" niliuliza, na nilikuwa najua.

"Kwa fundi viatu, na Mama." Mke wangu alinipokonya simu. Aliitazama.

Simu yake mwenyewe ndiyo iliyolia, juu ya meza. Alibonyeza, sauti ikajaa chumba kizima.

"Mwanangu." Ilikuwa sauti ya mama mkwe, lakini si ile ya mwiko. Ilikuwa imenywea. "Mwanangu, niko hapa kwa fundi viatu, watu wamenizunguka. Wamemshika mtoto mkono wa pili, mimi nimemshika mkono huu. Wanasema huyu mtoto si wangu. Wanasema nimemwiba. Nimewaambia ni mjukuu wangu, hawataki. Wananionyesha masimu yao hapa."

"Mama, usimwachie. Usimwachie mkono. Nakuja."

"Njoo, mama, njoo upesi. Wamesema aje mama yake mzazi. Wamesema wakimwona mama yake tu, watatuachia."

Mke wangu alikuwa ameshafika mlangoni. Metroni alimwahi, akamzibia njia kwa mwili wake wote.

"Hutoki," alisema. "Mwanangu, hutoki. Wale watu wana picha mbili. Wakimwona yule mtoto wanatafuta mwizi wake. Na mwizi wake ni wewe."

"Nitakwenda mimi," nilisema. "Mimi ni baba yake."

Mke wangu alinigeukia. Kidoti hakuchukua hata ukucha kwangu, nanyi nyote mnaomjua mnalijua hilo. Nikisimama naye njiani hakuna atakayesema ni wangu. Mtu pekee duniani ambaye uso wake unatosha kuthibitisha mtoto yule ni wa nani alikuwa amesimama mbele yangu, na uso huo nilishaugawa kwa watu wote.

Alichukua shuka moja lililokunjwa juu ya mizani, akajitanda kichwani, akaufunika uso mpaka machoni. Akajitazama kwenye kioo cha dirisha. Mwanamke aliyejificha uso, anayekwenda kudai mtoto. Akalivua shuka, akaliacha lianguke chini.

"Fundi," aliniita. Hajawahi kuniita hivyo. "Mwanangu anamngoja mama yake. Niambie basi, niende na uso upi?"

Simu bado ilikuwa wazi mezani. Kelele za watu zilikuwa zimepanda, na katikati yake ikasikika sauti ndogo, karibu kabisa na simu, haijaanza kulia bado.

"Baba upo hapo? Mwambie Mama aje, hawa watu wanataka kumwona."